Utani, Ugomvi au Uonevu? Kinachotokea Shuleni, na Kwa Nini Anayetazama Ana Nguvu Kuliko Anavyodhani

Kila Januari, wanafunzi wapya wanapoingia kidato cha kwanza na masanduku yao ya bati, mabishano yaleyale hurudi. Mzazi anaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba binti yake ameazima simu ya matroni, amepiga huku analia: tangu afike bwenini haitwi kwa jina lake, anaitwa "Kipipa", na kila jioni anafulishwa nguo za dada wa kidato cha tatu. Majibu yanamiminika. "Huo ni uonevu, kesho asubuhi nenda shule." "Shangazi, huo ni utani wa bweni, atazoea." "Sisi tulipokuwa njuka tulikomeshwa, mbona tumekua?" "Mwambie asikubali, amrudishie."

Wote wanaoandika hapo wanamtakia mtoto mema. Hawaelewani kwa sababu kila mmoja anazungumzia jambo lake: huyu ana picha ya utani kichwani, yule ya ugomvi, mwingine ya uonevu. Mambo hayo matatu hufanana ukiyatazama kwa mbali, lakini hayatibiwi kwa namna moja, na mara nyingi watu wazima huharibu kwa kutumia tiba ya jambo moja kwa jingine.

Ugomvi ndio rahisi kuuelewa. Wanafunzi wawili wanaokaa dawati moja wanagombea mkebe, mmoja anadai wake umefichwa, mwingine anakataa, wanatukanana, pengine wanavutana mashati. Hawa wanalingana. Leo huyu ameshinda, kesho yule. Mwalimu akiwaita, akawasikiliza wote wawili na kuwapatanisha, kuna uwezekano mkubwa mambo yataisha, kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake ya kosa na sehemu yake ya haki.

Uonevu una sura nyingine. Aliyesaidia sana kuuchora mpaka wake ni Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi miaka mingi mjini Bergen, Norway. Alianza kulichunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati watu wengi wakiamini kwamba ni sehemu ya kukua tu. Mwaka 1983 Norway ilianzisha kampeni ya nchi nzima dhidi ya uonevu shuleni, baada ya vifo vya wavulana watatu vilivyohusishwa na mateso ya wenzao, na kazi ya Olweus ikawa nguzo ya kampeni hiyo. Kwa maelezo ya Olweus, alama za uonevu ni tatu. Anayetenda amekusudia kuumiza au kudhalilisha. Jambo linarudiwa. Na nguvu hazilingani, kiasi kwamba anayetendewa hawezi kwa urahisi kujitetea.

Alama ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo kiini. Nguvu si misuli peke yake. Kidato cha nne ana nguvu mbele ya kidato cha kwanza hata kama ni mfupi kuliko yeye. Wengi wana nguvu mbele ya mmoja. Mwenye hela ya kantini, mwenye Kiingereza cha kuteleza, mwenye simu yenye picha yako ya aibu, aliyewahi kuiona barua ya nyumbani inayoeleza kwamba ada haijapatikana: wote hawa wana kitu mkononi ambacho wewe huna. Ndiyo maana kumweka anayeonewa na anayemwonea kwenye ofisi moja, kuwaambia "haya, peaneni mikono", ni kosa kubwa. Kwa ugomvi inafaa. Kwa uonevu, mnyonge atatoa mkono kwa sababu anaogopa, na jioni bwenini atalipia kwa kuwa amesema.

Na utani je? Hapa sisi tuna utajiri ambao mataifa mengi hayana. Mchaga na Mpare wanataniana, Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana, Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Mpare ataambiwa bahili, naye atajibu kwamba Mchaga akisikia sarafu imeanguka hata usingizini anaamka. Msibani mtani anaweza kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa na watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayebeba kazi nzito za msiba. Utani wetu ni mkataba: pande zote mbili zina ruhusa, kila mmoja ana jibu lake, na pembeni ya maneno makali kuna wajibu wa kusaidiana. Asiyekuwa mtani wako hana haki hiyo.

Kwa hiyo mtu akisema "tulikuwa tunamtania tu", muulize. Naye anakutania? Akikutania hivyohivyo mbele za watu, utacheka? Alipokwambia acha, uliacha? Siku akiumwa, ni wewe utakayempelekea uji? Majibu yakiwa hapana, hapana, hapana na hapana, huo haukuwa utani hata kama watu kumi walicheka.

Jina linavyofanya kazi

Kati ya aina zote za uonevu, kuitwa majina ndiko kunakodharauliwa zaidi, kwa kuwa hakuachi alama mwilini. Hata mwalimu mwema hulikuta jina limeshakaa darasani, naye siku moja linamtoka: "Wewe Kilaza, hebu jibu." Darasa linalipuka kwa kicheko, na kuanzia hapo jina limepata muhuri.

Majina haya hayaokotwi ovyo. Tazama yanakogusa: mwili (Kipipa, Kijiti, Mbilikimo), ulemavu, umaskini wa nyumbani, lafudhi ya mtu aliyetoka kijijini, kabila, ukimbizi, msichana aliyechafua sketi siku moja na jina likamfuata mpaka anamaliza shule. Karibu yote hugusa jambo ambalo mtoto hawezi kulibadilisha kesho asubuhi. Anayeitwa "Mchelewaji" anaweza kuwahi. Anayeitwa kwa rangi ya ngozi yake hana pa kwenda.

Na yapo majina yanayobeba hatari kabisa. Tanzania tunajua. Mtoto mwenye ualbino anapoitwa "zeruzeru" anadhalilishwa. Anapoitwa "dili" anaambiwa kwamba yeye ni mali ya kuuzwa, katika nchi ambayo watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Anayelitamka uwanjani wakati wa mapumziko labda hajui uzito wake. Anayelisikia anaujua. Sielewi jinsi mtu mzima anavyoweza kulisikia neno hilo shuleni kwake akapita akiendelea na safari.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba jina lililorudiwa vya kutosha huanza kuaminiwa na mwenyewe. Mwanafunzi anayeitwa Kilaza huacha kunyoosha kidole hata anapojua jibu. Anayeitwa Kipipa huacha kwenda kula pamoja na wenzake. Wazazi huona matokeo bila kuona chanzo: maumivu ya tumbo kila Jumatatu, madaftari yanayopotea, mtoto aliyekuwa wa tano sasa wa thelathini, mtoto anayeomba kuhama shule na hataki kusema kwa nini. UNESCO ilipokusanya takwimu kutoka nchi nyingi mwaka 2019, ilikuta karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja uliotangulia. Katika darasa la wanafunzi 60 hao ni kama 20. Basi si suala la mtoto mmoja laini.

"Na sisi tulifanyiwa"

Katika shule zetu za bweni uonevu una ratiba yake. Mgeni anaitwa njuka huku Tanzania, mono kule Kenya. Anafulishwa, anatumwa maji, anachukuliwa sabuni na sukari aliyofungiwa na mama yake. Anaamriwa kuzima taa ya umeme kwa kupuliza, au kupima urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti huku wakubwa wamejilaza vitandani wakicheka. Watu wazima husimulia mambo haya harusini kwa furaha, na ninaelewa kwa nini: yalipita, na waliopita pamoja wakawa marafiki.

Lakini wanaosimulia ni wale waliobaki. Aliyehama katikati ya muhula, aliyeacha shule kidato cha pili, aliyemaliza na kuapa kutokanyaga tena pale hata kwenye mahafali, hayupo kwenye meza hiyo ya harusi kutoa upande wake. Tena chunguza ni nani hasa anayewakamia wageni. Mara nyingi si kidato cha nne, ambaye akili yake iko kwenye mtihani. Ni kidato cha pili, ambaye mwaka jana alikuwa njuka mwenyewe na sasa anaona zamu yake imefika. Kinachoitwa kukomaa hapo ni deni linalolipwa kwa mtu asiyedaiwa.

Zipo shule ambako mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu wenye kuonea ndio waliopewa madaraka. Kenya ilishtuka mwaka 2017 ilipobainika kwamba katika mojawapo ya shule zake kongwe za wavulana, viranja ndio waliokuwa wakiwatesa wadogo. Kiranja anapokuwa mwonevu, njia ya kawaida ya kulalamika imefungwa: unayetakiwa kumwambia ndiye anayekupiga.

Wale wanaosimama kando

Tumezoea kufikiri uonevu una watu wawili. Una watu wengi. Christina Salmivalli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba karibu kila mtu darasani ana nafasi yake: yupo anayeanzisha, wapo wanaomsaidia kumshika, wapo wanaocheka na kuchochea, wapo wanaomtetea anayeonewa, na lipo kundi kubwa linaloangalia pembeni na kujifanya halioni.

Hili la kucheka lina uzito kuliko tunavyodhani. Uonevu ni kama ngoma: mchezaji huingia uwanjani kwa sababu kuna wapiga makofi. Mwonevu wa kawaida hamvizii mtu peke yake gizani. Humngoja mbele ya foleni ya chakula, mahali penye watu, maana anachotafuta ni wao. Watafiti wa Kanada waliwahi kurekodi kwa kamera na vinasa sauti michezo ya watoto katika viwanja vya shule mjini Toronto, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Wanafunzi wengine walikuwepo katika matukio 88 kati ya kila 100 ya uonevu. Waliingilia katika 19 tu. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Mara nyingi, basi, kilichokosekana hakikuwa uwezo wa kuuzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuanza.

Kwa nini hawaanzi? Wengi wanaogopa kwamba kesho watakuwa wao, na hofu hiyo ina msingi. Kuna sababu nyingine iliyojificha: kila mmoja anamtazama mwenzake, anaona amenyamaza, anadhani mwenzake amekubali. Darasa zima linaweza kuchukizwa na jambo moja na kila mtu akaamini kwamba ni yeye peke yake anayechukizwa. Halafu kuna woga wa kuitwa mnoko, wa kuambiwa umemchoma mwenzako kwa mwalimu. Vijana wana sheria kali kuhusu hili, na haifai kuidharau. Wanachohitaji kuelewa ni nia. Kwenda kusema kwamba fulani alikula karanga darasani ili achapwe ni kuchoma. Kwenda kusema kwamba fulani anapigwa kila usiku bwenini ni kumtoa mtu kwenye shida. La kwanza linatafuta adhabu ya mtu, la pili linatafuta usalama wa mtu.

Kisa ninachokipenda katika mambo haya kilitokea Nova Scotia, Kanada, Septemba 2007, katika shule ya sekondari ya kijijini iitwayo Central Kings Rural High School. Mvulana wa darasa la tisa alifika siku yake ya kwanza amevaa shati la waridi. Wakubwa wakamzingira, wakamwita majina, wakamtishia kumpiga. Wavulana wawili wa mwaka wa mwisho, David Shepherd na Travis Price, wakasikia. Hawakwenda kutafuta ugomvi. Walikwenda dukani, wakanunua fulana 50 za waridi za bei rahisi, wakawatumia wenzao ujumbe usiku, na asubuhi wakazigawa mlangoni. Mamia ya wanafunzi walivaa waridi siku ile, wengine wakiwa wamezitoa nguo nyumbani kwao. Leo Kanada ina siku ya mashati ya waridi kila mwaka, Jumatano ya mwisho ya Februari.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba siri ilikuwa kwenye fulana. Shule zetu zina sare, kwa hiyo fulana hazitusaidii. Mimi naona siri ilikuwa kwenye mwaka wao wa masomo. Walikuwa wa mwisho, wakubwa kabisa, watu ambao kila mwanafunzi mdogo huwaangalia ili ajue nini kinaruhusiwa. Walichukua ukubwa uleule unaotumiwa kuonea, wakautumia kukinga. Na hawakumwachia mtu mmoja kusimama peke yake. Walihakikisha asubuhi ile wako wengi. Mpango wa Finland uitwao KiVa, ulioenea nchi nzima kuanzia 2009, unafuata mantiki hiyohiyo: likitokea tukio, walimu huzungumza na wahusika, kisha huwaita wanafunzi wawili hadi wanne wanaoheshimika darasani na kuwaomba wawe karibu na aliyeonewa. Shule ya bweni ya Tabora au Machakos inaweza kufanya hivyo kesho bila kununua kitu.

Kusimama bila kupigana

Kijana anaposikia "simama umtetee mwenzako", picha inayomjia ni ya kukunja ngumi. Siyo. Njia nyingi zinazofaa ni tulivu, na nyingine hazihitaji hata kumtazama mwonevu.

Ya kwanza ni kumwita mtu kwa jina lake. Bweni zima linamwita Kipipa. Wewe unamwita Neema. Kila siku, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu. Inaonekana ndogo, lakini jina la dharau linaishi kwa kutumiwa na wote, na kila anayeacha kulitumia analipunguzia pumzi.

Ya pili ni kumtoa. "Neema, matroni anakuulizia." "Neema, twende tukachote maji kabla bomba halijakatika." Hujamgombeza mtu, hujamshtaki mtu, umemwondoa tu uwanjani, na ngoma imekosa mchezaji. Ya tatu ni kutokucheka. Ukiweza, ongeza neno fupi bila makeke: "Aah, bwana, muache. Imetosha." Likisemwa na rafiki wa mwonevu lina nguvu mara kumi kuliko likisemwa na mgeni, kwa hiyo kama wewe ni rafiki yake, zigo hilo ni lako.

Kama huwezi lolote kati ya hayo, mfuate baadaye. Kaa naye kwenye chakula. Mwambie, "Nimeona walichokufanyia, na si sawa." Anayeonewa huteswa na jambo lenyewe, kisha huteswa tena na kimya cha waliokuwepo.

Palipo na kipigo, silaha, kundi kubwa, au jambo lolote la kingono, usijitie katikati. Kimbia ukamwite mtu mzima, na kama unaweza nendeni wawili, ili asionekane mmoja kuwa ndiye aliyesema.

Kwa wewe unayeitwa majina: si kosa lako, na hulazimiki kuwa na jibu kali papo hapo. Wengine hujibu kwa utulivu, "Naitwa Neema," na kuondoka. Wengine hushindwa kusema lolote, na hilo nalo si aibu. Ushauri wa "mpige naye atakuacha" huonekana wa kishujaa, lakini kumbuka alama ya tatu. Nguvu hazilingani. Aliye mdogo akipigana na mkubwa mwenye kundi hupigwa zaidi, kisha mwalimu huwakuta wote wawili wakipigana na kuwaadhibu sawasawa. Uonevu umegeuka ugomvi machoni mwa shule, na mwonevu amepata shahidi.

Yapo mambo mengine mawili watu huyasema kwa uhakika ambayo yanahitaji kuangaliwa tena. Wengi huamini kwamba kila mwonevu ni mtoto aliyevunjika, asiyependwa kwao, anayejidharau. Wapo wa namna hiyo. Wapo pia wengi wanaopendwa sana shuleni, hodari wa michezo, wachangamfu mbele ya walimu, ambao huonea kwa sababu kunawaongezea hadhi. Ndiyo maana mzazi akija kulalamika, mwalimu hushangaa: "Huyu? Haiwezekani, ni kijana mzuri sana." Na wengi huamini kwamba ni mambo ya wavulana. Wasichana nao huonea, mara nyingi kwa njia isiyoonekana kutoka ofisini: kumsusia mmoja, kunyamaza kila anapoingia, kumsambazia uvumi kuhusu mwanamume, kumwachia nafasi tupu pande zote mbili za benchi.

Kuhusu viboko nitasema wazi. Kenya imevipiga marufuku shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa kimwili au kisaikolojia. Tanzania bado inaviruhusu kwa kanuni maalumu. Lakini mwonevu anayechapwa mstarini mbele ya wenzake hajifunzi kwamba mwenye nguvu hapaswi kumuumiza asiye na nguvu. Anaoneshwa kinyume chake, na anayemwonesha ni shule yenyewe. Kinachosaidia zaidi ni kumtaka arekebishe: arudishe alichochukua, aache kulitumia jina lile, mzazi wake aitwe aelezwe, na aangaliwe kwa wiki kadhaa, siyo siku moja.

Simu, na mahali pa kwenda

Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo uonevu wa mtandaoni huchacha likizo. Picha ya mwenzenu inageuzwa stika, inazunguka makundi matatu kabla ya chakula cha mchana. Tofauti na uwanja wa shule, hapa aliyeonewa hana nyumbani pa kukimbilia, kwa kuwa jambo limemfuata mpaka kitandani. Usiitume mbele hata kwa kuuliza "mmeona hii?" Hifadhi picha ya skrini yenye jina na tarehe, kisha mweleze mtu mzima. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumbughudhi au kumuumiza kihisia. Kenya ina sheria yake ya 2018 inayogusa jambo hilohilo. Sisemi watoto wapelekwe mahakamani kwa stika. Nasema wajue kwamba kilicho kosa barabarani ni kosa pia kwenye skrini.

Mtoto anayetaka kusema na hana wa kumwambia anaweza kupiga 116 bila malipo, Tanzania, Kenya na Uganda. Ni namba ya huduma kwa watoto, na mtu mzima mwenye wasiwasi anaweza kuipiga vilevile.

Kwa mzazi, usianze na "kwa nini hukujitetea?" Anza kwa kusikiliza mpaka mwisho, kisha andika: siku gani, wapi, nani alikuwepo, neno gani lilisemwa. Muulize mtoto angependa nani aambiwe kwanza. Yeye ndiye anayerudi bwenini, anajua nani atamlinda na nani atamsaliti. Nenda na karatasi yako kwa mwalimu wa darasa au mwalimu wa malezi, mkubaliane nini kitafanyika na lini utarudi kuuliza. Rudi siku hiyo. Ukiambiwa mara ya pili kwamba "tunalifuatilia" na hakuna kilichobadilika, nenda kwa mkuu wa shule, kisha bodi ya shule, kisha Afisa Elimu Kata, au kwa Kenya ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mtoto akiwa ameumizwa mwili, usipite huko kote: muone daktari siku hiyohiyo na uende kituo cha polisi, ambako kwa Tanzania utaulizia Dawati la Jinsia na Watoto.